Kesho ya Makbeth na Kesho ya Watengeneza Gemu: Kumsoma Gabrielle Zevin

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni, hapa Tanga, mbele ya kusanyiko la wasomaji wa riwaya na vijana wanaojifunza kutengeneza gemu. Wengi walioshindwa kufika wameniomba maandishi yake, nami naiweka nzima kama ilivyosemwa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mlioziweka chini jioni ya leo pedi zenu za kuchezea gemu mkaja kumsikiliza mwalimu wa fasihi, asanteni sana kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie mwandishi mmoja wa riwaya wa zama zetu hizi, na nimemchagua Gabrielle Zevin wa Marekani. Mwaka 2022 alichapisha riwaya kuhusu watu wanaotengeneza gemu, iitwayo Tomorrow, and Tomorrow, and Tomorrow, yaani Kesho, na Kesho, na Kesho. Riwaya hiyo imeuzwa zaidi ya nakala milioni moja, wasomaji wa mtandao wa Goodreads wakaichagua kuwa riwaya bora ya mwaka ule, na mwaka 2024 gazeti la New York Times likaiweka katika orodha yake ya vitabu 100 bora vya karne ya 21. Imesomwa na watu wengi ambao maishani mwao hawajawahi kushika pedi, mmoja wao akiwa ni huyu aliyesimama mbele yenu. Hata hivyo, habari za mauzo nazimaliza hapo. Nimekuja kwa sababu kitabu hiki kilinikumbusha daftari moja la Hisabati, na tangu hapo daftari hilo halijanitoka moyoni.

Niruhusuni niwasimulie. Miaka zaidi ya kumi iliyopita, nilikuwa na kawaida ya kupita kwenye vibanda vya gemu vilivyo jirani na shule, saa za masomo, nikiwatoa wanafunzi mmoja mmoja. Siku moja nilimkuta mvulana wa kidato cha pili. Hakuwa akicheza, kwa sababu hakuwa na hela ya kuchezea. Alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya wachezaji, daftari limefunguliwa magotini, na katika kurasa zake za mwisho, zile za miraba midogo, alikuwa amechora njia. Mraba uliopakwa wino ulikuwa ukuta, mraba wenye duara ulikuwa shimo, kulikuwa na mshale wa kwenda na mshale wa kurudi. Mahali pamoja alikuwa amechora shimo akalifuta, akalichora tena akalifuta tena, mpaka karatasi ikatoboka. Nililichukua daftari lile. Nilimwambia kwamba Hisabati haifanywi namna ile. Sikumuuliza hata swali moja.

Kwa nini sikumuuliza? Kwa sababu nilidhani nimeona mtoto anayepoteza muda. Naomba mlikumbuke daftari hilo, nami nimgeukie Zevin.

Watu wengi walilisikia jina la Zevin kwa mara ya kwanza mwaka 2022 wakadhani amezuka ghafla. Hakuzuka, ndugu zangu. Alizaliwa New York mwaka 1977 na akakulia Florida. Mama yake ni mzaliwa wa Korea, baba yake ni Mmarekani wa asili ya Kiyahudi, na wote wawili walifanya kazi katika kampuni ya IBM, kwa hiyo kompyuta haikuwa kitu cha ajabu nyumbani kwao, kama vile cherehani isivyokuwa kitu cha ajabu katika nyumba ya fundi. Alipokuwa na umri wa miaka 14 aliliandikia gazeti la kwao barua ya hasira kuhusu tamasha la bendi ya Guns N' Roses, na gazeti likampa kazi ya kuandika uhakiki wa muziki. Wazazi mlioko hapa, lipimeni jambo hilo: binti wa miaka 14 anakasirika kwa maandishi, na mtu mzima mwenye madaraka anasema, lete na nyingine. Baadaye alisoma fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu mwaka 2000.

Mwaka 2005 alitoa riwaya mbili, moja ya watu wazima, na nyingine ya vijana iitwayo Elsewhere. Mwaka huohuo ilionyeshwa filamu ambayo mwongozaji wake ni mwenza wake, Hans Canosa, na yeye ndiye aliyeiandikia muswada. Katika Elsewhere, msichana wa miaka 15 anagongwa na gari akiwa juu ya baiskeli, anafariki, kisha anajikuta katika nchi ambako wafu wanaishi wakirudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, mpaka wanakuwa watoto wachanga na kurudishwa duniani kuzaliwa upya. Mkae na hilo kwa muda. Mwandishi huyu, katika kitabu chake cha kwanza cha vijana, miaka 17 kabla ya riwaya ya gemu, tayari anafikiri juu ya mtu anayekufa halafu anaanza tena.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 2007 alitoa riwaya ya binti aliyepoteza kumbukumbu, ambayo Wajapani waliigeuza kuwa filamu. Mwaka 2010 alitoa riwaya ya familia inayozama katika madeni. Kati ya mwaka 2011 na 2013 alitoa vitabu vitatu mfululizo juu ya New York ya baadaye ambako chokoleti na kahawa vimepigwa marufuku, wazo ambalo mtu wa pwani, aliyezoea kumsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake barazani, hahitaji kuelezwa mara mbili uchungu wake. Mwaka 2014 alitoa The Storied Life of A.J. Fikry, habari ya mjane wa kiume mwenye duka la vitabu kisiwani, ambaye anaibiwa kitabu chake cha thamani kuliko vyote na baadaye anakuta mtoto mdogo wa miaka miwili ameachwa dukani. Hicho ndicho kilichompatia wasomaji wengi, akiwa na miaka karibu kumi katika kazi hii.

Kitabu cha mwaka 2017, Young Jane Young, nataka nikae nacho zaidi, kwa sababu wengi wanaozungumzia riwaya ya gemu wanakiruka. Ni kisa cha msichana anayejitolea katika ofisi ya mbunge huko Florida. Wanaingia katika uhusiano, siri inafichuka, msichana anabeba aibu yote peke yake na mbunge anaendelea na ubunge wake. Msichana anahama, anabadili jina, anaanza upya mbali na kwao. Sauti za wanawake wanne ndizo zinazosimulia, na sehemu ya mwisho imeandikwa kwa mtindo wa vile vitabu vya watoto ambamo msomaji anaambiwa achague: ukitaka kufungua mlango nenda ukurasa huu, ukitaka kukimbia nenda ukurasa ule. Hiyo ni nini kama si gemu iliyovaa nguo za kitabu? Mwandishi anamweka msomaji mahali pa msichana yule, anamwita "wewe", na kumtaka aamue. Alikuwa anafanya mazoezi ya kitabu ambacho bado hakijazaliwa.

Kwa hiyo Kesho, na Kesho, na Kesho kilikuja kuwa riwaya ya kumi. Ya kumi, vijana wangu. Kuna ya kwanza, ya tatu, ya sita, ambazo huenda hamtazisikia kamwe zikitajwa, na bila hizo hii ya kumi isingeandikwa. Kampuni ya Paramount ilinunua haki za kuitengenezea filamu hata kabla haijafika madukani, na watu wakasema ana bahati. Ukimwona mtu amefika ng'ambo ya mto, uliza amevuka maji mara ngapi kabla hujaitaja bahati.

Sasa tuingie ndani ya riwaya yenyewe. Siri za mwisho nitazitunza, kwa ajili ya wale watakaokisoma.

Mwaka ni 1987, mji ni Los Angeles, mahali ni hospitali. Kuna mvulana anaitwa Sam Masur, ambaye mguu wake umepondwa katika ajali ya gari, ajali ileile iliyomuua mama yake. Kwa wiki sita hajasema neno na mtu yeyote. Kuna msichana anaitwa Sadie Green, ambaye amekuja kumtembelea dada yake anayeugua saratani, na ambaye siku hiyo amegombana naye na kutolewa chumbani. Sadie anaelekezwa kwenye chumba cha kuchezea, anamkuta Sam anacheza gemu ya Super Mario Bros. Sam anacheza vizuri sana. Msichana anakaa, anatazama. Baada ya muda mvulana, bila kugeuka, anamuuliza kama angependa kuchukua pedi amalizie uhai huu uliobaki. Naye Sadie anakataa: anamwambia anafanya vizuri, na kwamba yeye anaweza kusubiri mpaka afe.

Wenzangu, niliposoma mahali hapo nilikifunga kitabu. Mtoto aliyefiwa na mama, aliyelala hospitali, anazungumza na mtoto ambaye dada yake huenda akafa, na neno linalopita kati yao ni "kufa", na halimwumizi hata mmoja wao, kwa sababu katika mchezo kufa maana yake ni zamu ya mwenzako. Ndiyo mara ya kwanza kwa Sam kuzungumza tangu ajali. Yale ambayo madaktari na wauguzi hawakuyaweza kwa wiki sita yamewezekana kwa benchi moja, kioo kimoja na pedi moja. Nani kati yetu angeingia chumba kile akasema watoto hawa wanapoteza muda?

Mimi ningesema. Nimewaeleza nilivyofanya kibandani.

Zevin haishii kwenye utamu huo. Muuguzi anamwomba Sadie aendelee kuja, na mama yake anamwambia kwamba saa hizo anaweza kuzihesabu kama huduma kwa jamii, ambayo mtoto wa Kiyahudi anatakiwa kuifanya anapojiandaa kwa sherehe ya kuingia utu uzima wa kidini. Basi Sadie anatunza karatasi na kuandika saa zake. Zinafika 609. Je, alikuwa akienda kwa sababu ya urafiki, au kwa sababu ya karatasi? Alikuwa akienda kwa sababu ya urafiki, msomaji anajua, lakini karatasi ilikuwepo. Sam anapokuja kujua kuhusu karatasi hiyo, anauvunja urafiki, na wanakaa miaka bila kusemezana. Kitu kilichokuwa mchezo kikageuka hesabu. Ninaamini kila mwalimu aliyekaa humu anaufahamu ubaridi huo unaoingia katika jambo zuri pale linapoanza kujaziwa fomu.

Wanakutana tena Desemba 1995, katika kituo cha treni za chini ya ardhi huko Cambridge, Massachusetts. Yeye Sam anasoma Harvard, Sadie anasoma MIT, chuo cha teknolojia cha mji huohuo. Kuna umati, Sam anamwona kwa mbali, na ili kumsimamisha anapaza sauti akilitaja jina lake lote na kumtangazia kwamba amekufa kwa kuhara damu. Watu wanageuka kushangaa. Sadie anajua mara moja, kwa sababu hayo ni maneno kutoka katika gemu ya zamani ya shuleni, The Oregon Trail, ambayo watoto wengi wa Marekani waliicheza kwenye kompyuta za darasani. Kabla hawajaachana, Sadie anampa diski yenye gemu aliyoitengeneza mwenyewe.

Na hapo ndipo kitabu kinapoanza kuwa kitabu cha kazi. Nataka vijana mnisikilize kwa makini hapa. Riwaya nyingi zinasema mhusika wake ni msanii, halafu hatumwoni akifanya kazi; tunamwona akinywa, akipenda, akilia. Zevin anatuonyesha kazi. Sam na Sadie, wakiwa na rafiki yao Marx Watanabe ambaye anashughulikia fedha na chakula na amani kati yao, wanatengeneza gemu iitwayo Ichigo. Mchezaji wake ni mtoto mdogo aliyesombwa na bahari, hajui kusema vizuri, amevaa jezi yenye namba 15, na anatakiwa kutafuta njia ya kurudi nyumbani. Katika Kijapani, namba moja ni ichi na tano ni go, na neno ichigo lina maana pia ya tunda la stroberi, kwa hiyo jezi na jina vinaitana. Bahari yenyewe wanaitafuta katika michoro ya Hokusai, yule mchoraji wa Japani ambaye wimbi lake kubwa limetumiwa pia katika jalada la riwaya hii.

Tatizo linakuja kwenye dhoruba. Sadie anataka maji yaonekane kama maji na mwanga upenye ndani yake, na injini aliyoiandika haitoshi. Kwa wale wenzangu tusiojua, injini ya gemu ni programu ya chini, ile isiyoonekana, inayoamua kitu kikianguka kianguke vipi, mwanga ukipiga ukuta urudi vipi, mtu akikanyaga maji maji yatawanyike vipi. Mtu mwingine anayo injini inayoweza kuitengeneza dhoruba ile: ni Dov, mwalimu wa Sadie wa chuo, mwanamume mwenye mke, ambaye alikuwa na uhusiano naye na akamwacha ameumia. Kwenda kumwomba injini ni kurudi mikononi mwake. Sadie anaenda. Injini inapatikana, dhoruba inakuwa nzuri, gemu inafanikiwa, na Dov anapata sehemu yake katika gemu na pia katika maisha ya Sadie.

Naomba nisimame hapa kidogo kama mwalimu. Zevin hamchori Dov kama zimwi. Dov ana kipaji, anafundisha vizuri, maoni yake juu ya kazi ni ya kweli. Ndiyo maana anatisha. Binti anayehitaji kile anachokijua mwalimu, na mwalimu anayekijua kile anachokihitaji binti: jambo hili lipo katika kila nchi yenye shule, na sisi walimu hatupaswi kulisoma kama habari za Wamarekani.

Kisha linakuja suala la jina. Ichigo inapotoka, kampuni inayoisambaza inataka yule mtoto, ambaye watengenezaji wake walimwacha bila kusema ni wa kiume au wa kike, atangazwe kuwa mvulana. Vilevile Sam ndiye anayehojiwa, Sam ndiye anayepigwa picha, na polepole watu wanaanza kusema ni gemu ya Sam. Hakuna aliyeamua kumwibia Sadie, hakuna kikao kilichokaa, na hata hivyo jina lake linafifia mwaka hadi mwaka. Mikono iliyofanya kazi ni minne, jina linalobaki ni moja. Wangapi hapa wameona jambo hilo likitokea katika kwaya, katika kikundi cha maigizo, katika biashara ya mke na mume?

Na kwa sababu nimelitaja jina, haki inanitaka nitaje pia jambo lililo nje ya kurasa. Ile gemu ya kwanza ya Sadie, aliyompa Sam kwenye diski, inaitwa Solution. Mchezaji anafanya kazi kiwandani na kupata pointi. Akiuliza kiwanda kinatengeneza nini anapunguziwa pointi. Akinyamaza anazidi kupanda, na mwisho anajulishwa kwamba alikuwa akiwatengenezea vifaa Manazi wa Ujerumani. Sasa, mwaka 2009 mbunifu halisi wa gemu, Brenda Romero, alikuwa ametengeneza mchezo wa mezani uitwao Train, ambamo wachezaji wanapakia watu katika mabehewa na kushindana kufikisha treni, halafu mwisho wanagundua kwamba kituo chake ni Auschwitz, kambi ya mauaji ya Manazi. Romero alilalamika hadharani kwamba wazo lake limeingia katika riwaya bila jina lake kutajwa kitabuni. Mimi nakipenda kitabu hiki, nanyi mnaona ninavyokipenda, lakini malalamiko hayo nayaona yana uzito. Kitabu kinachosikitika kwa mwanamke mbunifu kufutwa jina kilipaswa kuliandika jina la mwanamke mbunifu. Kulitaja jambo hilo hakupunguzi thamani ya riwaya. Kunaendeleza swali ambalo riwaya yenyewe imelianzisha.

Wenzangu, nimebakiwa na jambo moja kubwa, nalo ni jina la kitabu.

Maneno yale, kesho na kesho na kesho, ni ya Makbeth katika tamthilia ya Shakespeare, kitendo cha tano, onyesho la tano. Sisi wa Tanzania tuna bahati ya kuwa nayo kwa lugha yetu: mwaka 1968 S. S. Mushi alichapisha tafsiri yake, katika zama zilezile ambazo Mwalimu Nyerere alikuwa akitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Wazee mlioisoma Makbeth mnakumbuka mahali penyewe. Makbeth ameletewa habari kwamba mkewe amekufa. Majeshi yanakaribia. Naye anaitazama kesho, na kesho ya baada yake, na kesho ya baada ya hiyo, anaona siku zinatambaa tu kuelekea kaburini bila maana yoyote. Katika mdomo wake neno kesho ni neno la mtu aliyekata tamaa.

Marx wa riwaya ya Zevin alikuwa mwigizaji chuoni, anaipenda tamthilia hiyo. Wanapotafuta jina la kampuni yao anapendekeza waiite kwa neno hilo, kesho, na wenzake wanamshangaa: mbona ni maneno ya msiba? Anawajibu, kwa maneno yangu mimi, kwamba mchezo wa gemu ndio mahali pekee ambapo kesho haiishi; ukishindwa unaanza tena, ukifa unafufuka, na kila kuanza tena ni nafasi ya kushinda. Neno lilelile la Makbeth, herufi zilezile, limegeuzwa nje ndani kama kanzu. Wenzake wanalikataa kwa kuliona laini mno, wanaiita kampuni Unfair Games, yaani gemu zisizo za haki, na miaka inapita kabla hawajajua walikuwa wamekataa nini.

Na hapa Kiswahili kinatupa kitu ambacho, kwa maoni yangu, kinaifungua riwaya hii vizuri kuliko lugha nyingi. Sisi tunasema mchezo wa kuigiza. Tunasema mchezo wa bao, mchezo wa mpira, mchezo wa kompyuta. Makbeth ni mchezo na Ichigo ni mchezo. Aliyeko jukwaani anacheza, na aliyeshika pedi anacheza. Zevin alihitaji riwaya nzima kuonyesha kwamba Shakespeare na Super Mario wanaweza kukaa benchi moja, na bibi zetu walikuwa wameshawakalisha hapo kwa neno moja. Sasa tazameni tofauti iliyobaki ndani ya neno hilo: jukwaani Makbeth akifa leo, kesho jioni mwigizaji atasimama tena, lakini Makbeth mwenyewe hatajifunza kitu, atamuua tena Mfalme Dankani, atakufa tena vilevile. Mchezaji wa bao aliyefungwa leo anakuja kesho na shimo lake la nyumba amelifikiria usiku kucha.

Babu yangu alinifundisha bao. Mashimo 32, kete 64, na hakuna dadu, hakuna bahati ya kusingizia. Kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, na hizo za mkononi anazinamua mojamoja, kwa hiyo nusu ya kwanza ya mchezo ni kuamua kila mara kete hii moja inaingia wapi. Nilipokuwa nikifungwa nilikuwa nikirudisha kete kwenye mashimo kwa hasira, kwa mpigo, nazo zinaruka mchangani. Babu hakunigombeza. Aliziokota, akazipanga kama zilivyokuwa kabla ya kosa langu, akaniuliza: hapa ulikuwa unaona nini? Sitaki aliyeshinda na aliyeshindwa. Nataka kujua ulikuwa unaona nini.

Swali hilo ndilo ambalo Sadie na Sam wanaulizana kitabu kizima kila wanapokuwa wazima pamoja, na ndilo wanaloacha kuulizana kila wanapoharibikiwa. Kuna msiba mkubwa katika riwaya, sitasema wa nani. Sura inayomhusu mtu huyo imeandikwa kwa "wewe", kama ilivyokuwa katika kitabu cha mwaka 2017, ila safari hii wewe unayeambiwa ni mhusika wa pembeni, yule ambaye ndani ya gemu hachezwi na mtu, yupo tu kuwasaidia mashujaa wengine wavuke. Ni sura bora kuliko zote alizowahi kuandika. Baada yake kuna sehemu ndefu inayotokea ndani ya gemu ya mtandaoni, na mimi naiona imevutwa kupita kiasi. Lakini hata hiyo nimeelewa kwa nini aliiweka. Mmoja kati ya wale wawili anatengeneza dunia nzima ya gemu kwa sababu hana njia nyingine ya kumwambia mwenzake: njoo ukae, nikutazame unavyocheza, ninaweza kusubiri.

Na pendo lao, kwa wale watakaouliza, si la ndoa. Hawaoani. Zevin amekaza mkono hapo kurasa zote, na wapo wasomaji waliokasirika. Anasema kuna watu wawili ambao kazi waliyoifanya pamoja ndiyo iliyokuwa karibu zaidi nao kuliko mwili na kuliko nyumba, na kwamba lugha zetu hazina jina zuri la watu wa namna hiyo. Sisi tuna neno mwenzangu. Sijui kama linatosha, lakini ndilo ningelitumia ningepewa kukitafsiri kitabu hiki, na ninatamani kwa dhati atokee kati yenu mmoja wa kukitafsiri, kwa sababu mimi nimekisoma kwa Kiingereza, na kila baada ya kurasa chache nilijikuta nikikisikia kwa Kiswahili.

Namalizia. Nilipokifikia kitabu hiki mwisho nilikwenda shuleni siku isiyo ya kazi, nikafungua droo ya chini ya meza yangu. Daftari lilikuwepo. Sikuwahi kulirudisha, na mwenyewe alihama shule mwaka uliofuata. Nimelileta leo, liko mezani hapa mbele, jina la jaladani nimelifunika kwa karatasi. Michoro iko katika kurasa nane za mwisho. Nimezitazama kwa wiki mbili na kuna mambo nimeyaelewa: njia ya juu ni ya haraka lakini ina kuta nyingi, njia ya chini ni ndefu na haina kitu. Lile shimo alilolifuta mpaka karatasi ikatoboka liko pale njia hizo mbili zinapokutana, na sijaelewa kwa nini alilitaka hapo na si mraba mmoja kando. Ninyi vijana mnaojua kusoma michoro ya namna hii, kabla ya chai, naomba mje mnisomee.